Kanuni ya Sahani

Aliyetunga Kanuni ya Sahani hajawahi kula kwa watu. Nasema hivyo bila kumjua, wala sitaki kumjua. Aliandika huko Dodoma kwamba mnunuzi wa gesi ya mwonjo, kabla hajauziwa kibuyu kipya, alete sahani ya chakula alichokipika kwa kibuyu cha zamani, na muuzaji aonje, ili ijulikane kwamba gesi iliingia kwenye chakula wala haikuingia kwenye mapafu ya mtu. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini huku kwetu Tukuyu mtu akikuletea sahani imefunikwa kitambaa, amekulisha. Ushahidi ni maneno ya ofisini. Na sahani ya mtu aliyekulisha hairudi tupu, hata kama umepungukiwa utaweka japo ndizi mbili.

Asubuhi ile foleni ya dukani kwangu ilifika mpaka kwa fundi viatu. Mvua ilikuwa inanyesha bila haraka, watu wamesimama chini ya miamvuli, kila mmoja na sahani yake kifuani. Wa kwanza alikuwa Mama Ambele, anayeuza maandazi stendi.

"Umetuletea nini leo, mama?"

"Parachichi na karanga. Ila usinicheke, povu limekaa vibaya."

Nikaonja. Kuonja kwetu siyo kuchovya ncha ya kijiko, maana mwenye chakula atarudi nyumbani akijiuliza amekukosea nini. Nilikula mpaka mwisho. Karanga zilikuwepo, limao lilikuwepo, na pilipili kidogo kwa nyuma. Nikaosha sahani, nikaipangusa, nikaweka kibuyu kipya katikati yake, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akaweka hela pembeni huku anatazama mvua, kwa sababu hapo hela ni jambo la aibu kidogo.

"Ndaga, Tusekile," alinishukuru, akafunua mwamvuli wake akaondoka.

Watoto wa siku hizi wanadhani chakula kilikuwa hivi tangu zamani. Homa ya ulimi ilipopita, waliopona walipona mwili wote isipokuwa ulimi. Ugali ukawa udongo, nyama ikawa kamba, na watu wenye akili zao walikonda mbele ya sufuria zilizojaa. Ndipo wakaja wataalamu na gesi ya mwonjo, imeshindiliwa kwenye vichupa vya chuma vyenye ukubwa wa kidole gumba, ambavyo sisi tunaviita vibuyu. Gesi hiyo haikai kwenye maji, inataka mafuta: maziwa, parachichi, karanga. Unafunga kibuyu kwenye mtungi wa kupulizia, unabonyeza, chakula kinatoka povu, na ukikila ulimi unaamka. Baada ya kama saa moja unalala tena.

Shida ni kwamba ukiivuta moja kwa moja, mwonjo unaupita ulimi unakwenda kwenye kumbukumbu. Unajikuta umekaa mezani siku fulani ya zamani, pamoja na wale wale mliokuwa mkila nao, hata waliokwisha kufa, wazima kabisa, wanakusogezea bakuli. Wengi wanarudi. Wengine wanazama. Unamkuta mtu amekaa, macho wazi, mdomo unatafuna hewa, na hakuna wa kumwita akasikia, mpaka mwili unachoka wenyewe.

Kwa hiyo tukapewa kanuni. Usiweke vibuyu dirishani. Usiuze maputo kwenye duka moja na gesi, maana wavutaji huijaza humo. Usimuuzie mtoto. Usimuuzie mtu zaidi ya anachoweza kupikia wiki moja. Na ya mwisho, ambayo sikuwahi kuielewa: usimuuzie mtu unayemshuku. Nilijiuliza mara nyingi, nimshuku nani, na nimshuku kwa lipi, wakati nimetoka kula chakula chake sasa hivi?

*

Afisa wa gesi aliingia bila sahani. Watu walimtazama kwanza mikononi, kisha usoni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti la mvua la serikali, akajitambulisha kwa jina la Kalunde, kwao Tabora, na alikuwa amechoka kwa safari.

"Dada Tusekile, tangu kanuni ianze, Tukuyu nzima haijakataa mnunuzi hata mmoja," alisema. "Kila wilaya wamekataa watu. Nyinyi hakuna."

"Labda watu wetu ni waaminifu."

"Yule fundi redio aliyezama mwezi uliopita, kibuyu kilichokutwa naye kina chapa ya duka lako."

Hilo lilinichoma. Yule fundi tulimzika, na mimi mwenyewe nilibeba maji msibani.

"Alileta sahani," nikasema. "Nilikula. Ilikuwa tamu."

"Ilikuwa tamu," alirudia, taratibu. "Kabla yake ulikuwa umekula sahani za watu wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vikaniishia. Mtu mwingine dukani alikohoa.

"Nakuuliza kwa sababu nimezunguka maduka mengi," Kalunde aliendelea. "Muuzaji wa kwingine anaonja ncha ya kijiko na kutema. Wewe unakula tangu unapofungua mlango. Ulimi wako, ukiwa kazini, huwa unalala saa ngapi?"

Haulali. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na nilikuwa sijawahi kulifikiria hata siku moja. Mwonjo wa Mama Ambele unaniamshia ulimi, na kabla haujalala nimeshakula cha mwingine. Mtu akiniletea ndizi zilizopigwa povu kwa yai na mkono, bila gesi hata chembe, mimi nitazisikia utamu wote kwa mwonjo wa jirani yake. Nilikaa pale miaka nikijiona mlinzi wa mlango, kumbe nilikuwa mtu wa mwisho Tukuyu nzima anayeweza kujua.

"Basi onja wewe," nikamwambia, kwa hasira ya kukamatwa.

"Mimi siruhusiwi kula chakula cha mnunuzi. Kwetu ofisini inahesabika rushwa."

Kuna mtu alicheka nyuma, akajikaza. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta, ndani ya kichwa changu, ni nani kati ya watu wangu ninayepaswa kumshuku, na kila nilipotafuta lilikuja jina moja, nami nalisukuma lirudi lilikotoka. Lilikuwa jina la wifi yangu Sekela, mjane wa kaka yangu Lwitiko. Sahani zake ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote, ndizi za maziwa zimesimama povu jeupe kabisa. Tangu tumzike Lwitiko hakukosa wiki hata moja. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kwenye kiwiko, akaniambia ni jembe.

Kalunde alivuta kiti akakaa. "Tutangoja ulimi wako ulale. Kisha utaonja sahani ya atakayekuwa wa kwanza, mbele yangu, utasema kweli. Kama ina mwonjo, utamuuzia. Kama haina, jina lake linafutwa kwenye maduka yote kwa mwaka mzima."

"Mwaka mzima ale udongo?"

"Kanuni siyo yangu, dada."

Basi tukangoja. Sijawahi kuona foleni inayorudi nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa mbele alikumbuka ghafla kwamba ameacha mbuzi. Aliyemfuata akamwambia aliyemfuata yeye, "Pita tu, mimi sina haraka," na huyo naye akawa hana haraka. Walisogea nyuma kwa adabu nzuri kabisa, na wengi wao najua walikuwa hawana kosa lolote, ila mtego wa panya hunasa aliyekuwemo na asiyekuwemo. Katika huko kupishana akatokea mtu mmoja asiyesikia kinachosemwa, anayetembea tu kwenda mbele kwa sababu mbele kuko wazi. Alikuwa Sekela, na sahani yake imefunikwa kitambaa cha bluu.

*

"Habari za asubuhi, wifi," alisema.

"Nzuri, wifi. Za nyumbani?"

"Nyumbani wazima wote."

Anaishi peke yake. Niliweka sahani mezani nikafunua. Povu lilikuwa jeupe, limesimama, mtu angesema ni la hotelini. Kalunde alisogeza kishikwambi chake, akanitazama mimi, hakuitazama sahani.

Nikatia kijiko mdomoni, na hapakuwa na kitu. Ilikuwa laini, ilikuwa ya uvuguvugu, basi. Nikatia cha pili. Ningeweza kuwa nakula pamba. Hapo nikajua kwamba wifi yangu amesimama jikoni asubuhi nzima anapiga mayai kwa uma mpaka kiwiko kivimbe, ili kibuyu chake chote kibaki kwa ajili ya pua yake na meza yake ya zamani. Na nikajua kwamba nimekuwa nikila hivi tangu kaka yangu afe, namsifia mapishi, namwekea kibuyu kingine.

Niliendelea kula. Watu walidhani naonja kwa makini, kumbe nilikuwa nimechanganyikiwa tu na sikutaka kijiko kifike mwisho. Nikisema tamu, Sekela atachukua kibuyu chake, leseni yangu itabaki, afisa atarudi alikotoka, na asubuhi moja nitaitwa kama nilivyoitwa kwa fundi redio. Nikisema haina, nitakuwa nimekiri kwamba miezi yote hii nimeuza kama kipofu, na mke wa kaka yangu atakula udongo mwaka mzima. Ninawajua waliokula udongo mwaka mzima. Hawakumaliza mwaka.

Chakula kilikuwa karibu kuisha. Sekela aligeuza uso kidogo upande wake wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akasema kwa sauti ndogo, "Subiri kidogo, anamalizia."

Na mimi nikageuka kutazama. Nawaambia kweli, niligeuka upesi, kwa sababu kwa kitambo kile kidogo niliamini nitamwona Lwitiko amesimama pale na koti lake la shambani. Hapakuwa na kitu, ni mwamvuli tu wa mtu. Kama mimi niliyekuwa sijavuta hata pumzi moja naweza kutazama hivyo, yeye amefika wapi?

"Haina mwonjo," nikasema.

Sekela alinitazama kana kwamba nimezungumza Kichina.

"Umemaliza sahani yangu, wifi."

"Nimemaliza."

"Umekula yote, ndipo ukaniumbua."

Niliosha sahani ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nikaipangusa, nikamrudishia kwa mikono miwili kama ada, na ndani yake hapakuwa na kitu. Mama mmoja kwenye foleni aliguna kama amechomwa mwiba. Sekela akaipokea, akaifunika kile kitambaa cha bluu, akatoka nayo mvuani.

Kalunde alibonyeza bonyeza kishikwambi chake. "Umefanya vizuri," alisema, bila kuniangalia.

"Vizuri kwa nani?"

Alifikiri. "Sijui," alisema, na nilimpenda kidogo kwa jibu hilo. Kisha akatoa mkanda wa serikali akafunga kabati la vibuyu, na leseni yangu akaichukua mpaka kikao kitakapokaa. Foleni ilianza kutawanyika. Mama Ambele, aliyekuwa amerudi kuchungulia, alisimama mlangoni.

"Tungejua unakula ili utukamate," alisema, "tungekuletea maganda."

*

Sekela hakuonekana sokoni wala kanisani. Nilipiga simu, haikupokelewa. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikaponda ndizi za maziwa, nikazitia kwenye bakuli, nikaenda kwake adhuhuri. Mwonjo sikuwa nao. Kabati langu limefungwa, na maduka mengine walikuwa wananitazama vibaya. Nilimpelekea udongo, basi, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kumpelekea.

Nyumba yake iko juu kidogo ya mashamba ya chai. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa mezani, amekonda shingo, na mbele yake viti viwili.

"Kaa hicho kingine," alisema, nikiwa bado sijagusa kiti. "Hicho cha karibu nawe kina mtu."

Nikabaki nimesimama. Nikaweka bakuli mezani, nikamwambia nimekuja kuomba tule pamoja, kwamba mwaka huu wote, kabati likifunguliwa, atakuwa anakula kwangu, meza yangu haikukatazwa na kanuni yoyote.

"Mimi nitakula kwako," alisema. "Lwitiko atakula na nani?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida la nyumbani. Akatia mkono kwenye pindo la kitenge, akatoa kibuyu kimoja, kizima, hakijafunguliwa, chapa ya duka langu ikimetameta.

"Hiki nilikiweka kwa siku ya kwenda moja kwa moja," alisema. "Nilitaka nikivute leo. Lakini umekuja. Tugawane. Wewe hujamwona tangu tumzike, Tusekile. Pumzi moja tu. Anakuulizia."

Niseme nini? Nilikitaka. Kaka yangu alikuwa anacheka na chakula mdomoni, mama anamkemea, naye anazidi kucheka mpaka punje zinaruka mezani, na tangu afe mimi sijasikia kicheko kile hata ndotoni. Nilikichukua kile kibuyu. Kilikuwa kina joto la mwili wake. Mkono wangu ulikuwa unajua jinsi ya kukifungua, na pua yangu ilikuwa karibu kuliko nilivyopanga iwe. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Kilichonirudisha ni ujinga wa kazi tu, macho yalisoma yale maandishi madogo ubavuni ambayo nimeyasoma miaka yote ya kazi yangu: *kwa matumizi ya chakula*.

"Mtungi wako wa kupulizia uko wapi?" nikauliza.

"Wa nini?"

Niliukuta kwenye rafu, umefumwa utando wa buibui. Nikauosha. Nikamimina ndizi za maziwa ndani, nikafunga kifuniko. Nilipoanza kukaza kibuyu kwenye shingo yake Sekela alisimama, akanishika mkono kwa ule mkono wake uliovimba.

"Tusekile, nakuomba. Usimmwage."

Nililia, nikakaza. Chuma kilitoboka, gesi ikaingia kwa mlio wake ule wa kuzomea, ikaisha. Sekela akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa msiba upya. Nilimwogopa. Nilijiogopa na mimi. Nilitikisa mtungi, nikapuliza povu lote kwenye bakuli moja, nikaliweka katikati ya meza, kisha nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu bila kutazama ni kipi. Kilikuwa kile alichonikataza.

"Umemkalia," alisema.

"Nimemkalia. Kula."

Hakula. Nikala mimi, kijiko cha kwanza na cha pili, nikimtazama. Sikujua kama nimemwokoa au nimemfukuza kaka yangu nyumbani kwake mwenyewe, na mpaka leo kuna siku sijui. Baadaye, nadhani kwa hasira, alinyakua kijiko kutoka mkononi mwangu, akachota, akatia mdomoni. Alikaa nacho. Uso wake ukakunjika, ukakunjuka.

"Chumvi imezidi," alisema.

Nikaonja tena. Nilikuwa nimepika kwa ulimi uliolala, nimetia chumvi mara mbili bila kujua.

"Imezidi sana," nikasema.

Akachota tena, na tena, huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni wala hayafuti. Nilichukua kijiko kingine nikala naye. Mle ndani hapakuwa na mtu mwingine.